Kidole Chini ya Utepe

Dada yangu,

Kabla sijakusalimia nina neno moja, maana nikianza na salamu nitanogewa, na barua itafika mwisho nikiwa bado naulizia habari za kuku. Nimemkosea binti yako. Nimemkosea vibaya, na kwa kumkosea yeye nimekukosea na wewe. Haya, nimeshaliandika kwa wino, halifutiki. Sasa naweza kukusalimia kama mtu na dada yake.

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume kama mtu anayeingia kisimani, na ukichekwa unawatukana waliopo na wasiokuwepo. Nilifurahi kusikia bado unatukana. Yeye presha yake imetulia? Na yule paka mwizi bado mnaye, au mmeshamhamishia kwa jirani? Mimi mwili hauna neno. Nakula, natembea, suruali zimeanza kunipwaya, lakini kwa tumbo nililokuwa nalo hakuna aliyelalamika.

Ningeweza kupiga simu. Sikupiga kwa sababu simu ungenikatia, na mimi ningefurahi umenikatia, ningejiambia nilijaribu. Barua najua hata ukiitupa chini utaiokota. Nakuomba uisome mpaka mwisho, kisha ufanye unavyoona.

Kazi yangu unaijua, ingawa kila nilipokueleza ulikuwa unaniuliza inakuwaje mtu analipwa kwa kuuliza maswali wakati wewe umeuliza watu maswali bure maisha yako yote. Ni utafiti wa afya, dada. Wakubwa wanataka kujua mama akishajifungua moyo wake unakuwaje, na hali hiyo inaingianaje na jinsi mtoto anavyokula na kukua. Wanachagua kina mama pale kliniki, halafu sisi tunawafuata majumbani mara moja kila mwezi mpaka mtoto atimize mwaka. Naenda na begi. Ndani kuna mzani, fomu, na kuanzia mwezi wa sita wa mtoto kunakuwa na utepe wa mkono. Huo utepe ni wa plastiki, una rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Unauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, unauvuta ukae bila kubana, halafu unasoma kwenye kidirisha chake. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, anapungua. Nyekundu, hakuna kwenda nyumbani siku hiyo. Unampigia nesi wa ofisi na unakaa hapohapo mpaka afike.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ni wa mama mwenyewe. Una maswali tisa. Kama analala, kama bado anacheka, kama analia bila kujua analilia nini, kama anajiona ameshindwa kulea. Kila jibu lina namba, kuanzia sifuri mpaka tatu, unaizungushia duara. Jumla ikifika kumi na tatu, nesi anaitwa vilevile.

Msimamizi wetu tunamwita Mama Kalamu, kwa sababu anavaa kalamu shingoni kama wengine wanavyovaa funguo. Kwake penseli ni haramu. Ukikosea hufuti wala hupaki ile rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja juu ya jibu la zamani, unaandika jipya pembeni, unatia sahihi, na lile la zamani lazima bado lisomeke. Tulikuwa tunamcheka. Tulisema hata mumewe akikosea hamfukuzi, anampiga mstari mmoja na kumtia sahihi.

Sasa kuna sheria nyingine ambayo ndiyo mwanzo wa haya yote. Haturuhusiwi kumhoji ndugu. Ukimkuta ndugu yako kwenye orodha unasema, anapewa mwenzako. Orodha yangu ilipotoka, mtu wa kumi na moja alikuwa Chiriku wetu, binti yako.

Sikusema. Niliona jina ni la upande wa baba yake, nani atajua? Na kile chumba chake kiko juu ya wale washona nguo, njiani kwangu kabisa. Tena ambaye angepewa ni yule mwenzangu Mrefu, na Mrefu hana kifua, angerudi ofisini na habari za familia yetu mpaka rangi ya mapazia. Nikasema kimoyomoyo, huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni, nani atamhoji vizuri kuliko mimi?

Na miezi ya mwanzo ilikuwa raha, dada. Unamkumbuka alivyokuwa. Jina la Chiriku tulimpa kwa sababu hajui kunyamaza. Alikuwa anajibu swali kabla sijalimaliza, halafu ananiuliza mimi, mjomba je, wewe unalala? Unacheka? Usijali, nitakuandikia namba. Mtoto akiwa mapajani anaangalia midomo yetu. Yule mimi ndiye nilimwita Kibogoyo, kwa vile alivyokuwa anacheka fizi tupu kama mzee aliyesahau meno nyumbani. Mama yake alinigombeza, akasema nitampa mtoto jina baya. Wiki ya pili na yeye akawa anamwita hivyohivyo.

Mwezi wa tano nilikuta pazia limefungwa na ni saa nne asubuhi. Nguo zilikuwa kwenye beseni, maji yamekuwa ya kijivu, harufu yake inakwambia si za jana. Mtoto yuko kitandani anaangalia dari. Simu ikawa inaita juu ya meza, Chiriku haipokei, anaitazama tu inavyowaka na kuzima. Ulikuwa ni wewe unapiga. Nilimuuliza mbona humpokei mama, akasema atampigia baadaye. Mkwe wako wakati huo alikuwa kwenye ujenzi wa barabara, anarudi mwisho wa mwezi, siku mbili, anaondoka. Nikadhani ni upweke wa mke wa msafiri, nikaandika namba ndogondogo, nikaondoka.

Mwezi wa sita ndio ninaotaka uujue vizuri. Nilipofika kwenye ukurasa wa mwisho aliniuliza jambo. Aliniuliza, hayo maswali unaniuliza kama mjomba au kama ofisi? Nikamjibu kama ofisi. Nilijibu kwa majivuno, nimekaa sawa, kalamu mkononi. Akasema kama ni ofisi basi atanijibu.

Akanijibu. Alisema halali hata mtoto akilala. Alisema anamkorogea uji, anakaa na kijiko mkononi, uji unapoa unaganda, anaumwaga, anakoroga mwingine, na huo nao unaganda. Alisema si kwamba hampendi. Ila anamwona kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amshikie kidogo, na mwenyewe amechelewa kurudi. Alisema huyu mtoto angepata mama mwingine angenenepa. Yote hayo aliyasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekusomea bei za dukani, na mimi nazungushia duara. Tatu, tatu, mbili, tatu. Jumla ikawa ishirini na moja. Nikampima mtoto, utepe ukasoma njano.

Nesi alitakiwa aitwe pale pale. Mimi nikaweka kalamu chini na kugeuka mjomba.

Nilimwambia mama yako alilea watoto watano, mume yuko hospitali mwaka mzima, na hatukumwona amefunga pazia. Nilimwambia haya mambo ya huzuni mnayatoa kwenye simu. Nilimwambia nikimwita nesi ataandikwa kwamba ni mama asiyefaa, habari itazunguka, na wewe utasikia, na wewe utasema nini? Unaona, dada. Nilikuchukua wewe nikakufanya fimbo, nikamchapa nayo, na wewe hata hukuwepo.

 Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema basi andika unavyotaka, mjomba, wewe ndiye unayejua kuandika.

Nikaandika. Nilipiga mistari tisa juu ya majibu tisa, nikatia sahihi tisa, pembeni nikaweka sifuri na moja moja. Jumla ikawa nne. Nilijiambia namlinda. Lakini kama nilikuwa namlinda mtu, alikuwa ni mimi, maana nesi akija angeuliza tu maswali mawili na angejua kwamba nimemhoji mpwa wangu miezi sita kinyume cha sheria, na wiki hizo ndizo mikataba yetu ilikuwa inaangaliwa upya.

Yaliyofuata mengine uliyaona kwa macho yako. Mtoto aliharisha siku mbili tu. Daktari alituambia kuharisha kwenyewe hakukuwa kukubwa, ila mwili haukuwa na akiba. Siku ile tunamvalisha nguo nilimfungua mdomo kidogo, nikaona meno mawili ya chini yamechomoza, madogo kama punje za mchele. Jina nililompa lilikuwa halimfai tena na hakuna aliyeniambia.

Na wewe uliiona ile mikono ya mtoto ilivyokonda. Sikulaumu kwa uliyoyasema baada ya maziko. Bibi yeyote angesema. Ulisimama pale uani kwako, mbele ya ndugu na majirani wote, ukamwambia binti yako amemuua mtoto kwa uvivu, kwamba kulisha mtoto mmoja kumemshinda, na kwamba asikanyage kwako tena. Watu wote waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu mbovu, kiti cha tatu kutoka mlangoni, nikajishughulisha kukisawazisha. Nilikisawazisha mpaka ukamaliza kusema. Chiriku aliniangalia mara moja tu. Halafu akachukua mkoba wake akaondoka kwa miguu, na miezi minne sasa hujamsikia wala hajakusikia.

Nilidhani nitazoea. Watu wanazoea mengi. Mwezi uliopita tulifika kwenye mkutano wa utafiti, ukumbi una viti vya kitambaa, wakubwa wamekuja, matokeo yanaonyeshwa ukutani. Kila mtoto ni nukta. Mama akiwa na moyo mzito, nukta ya mtoto inashuka, na unaona kabisa zinavyoteremka pamoja kama watu kwenye ngazi. Nesi akasimama akaeleza kwamba wale ambao yeye aliitwa mapema, mama akasikilizwa na mtoto akapewa chakula cha dawa, karibu wote walirudi kwenye kijani. Nilikaa nikihesabu wangapi ni karibu wote.

Halafu yule mkubwa wao akaonyesha nukta moja iliyokaa peke yake pembeni. Akasema hii inatusumbua. Huyu mama alisema yuko vizuri, jumla nne. Mkono wa mtoto ulisoma kijani. Siku kumi na tisa baadaye mtoto akafa kwa utapiamlo. Akasema haiingii akilini, na labda kuna jambo la mwili ambalo bado sayansi hailijui. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaandika kwenye madaftari. Dada, walikuwa wanaandika uongo wangu.

Mama Kalamu hakuandika. Alikuwa viti viwili mbele yangu, akageuka akaniangalia. Tulipotoka aliniita kwenye meza yake, akafungua fomu ya mwezi wa sita, akaweka kidole kwenye ile mistari. Nikasema nilikuwa nimesikia namba vibaya. Akasema mtu anakosea mara moja, mara mbili, lakini mara tisa kwenye ukurasa mmoja huyo hajakosea.  Aliacha fomu wazi akaenda kunawa mikono, na mimi nikabaki nasoma majibu ya Chiriku chini ya mistari yangu. Yalikuwa yanasomeka yote.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikikuzungusha tangu juu. Nimekueleza mwezi wa sita. Mwezi wa saba sijakueleza.

Mwezi wa saba maswali sikumuuliza. Niliyajaza nikiwa kwenye ngazi zake, jumla ileile ya nne, begi juu ya goti, mashine za wale washona nguo zinanguruma chini. Nikaingia kupima tu. Pazia, ajabu, lilikuwa wazi. Nguo zimeanikwa. Chiriku amechana nywele. Mezani ilikuwepo ile kadi ya kliniki ya mtoto, na kwenye mlango kuna mkoba umeshafungwa, nepi zinachungulia. Akaniambia mjomba, naona huyu mtoto hayuko sawa, mimi mwenyewe sijisikii sawa, kesho asubuhi nitampeleka na mimi nitasema yote. Alisema ametumia siku mbili kujisukuma mpaka kufunga ule mkoba.

Nikauzungusha utepe. Ukasoma nyekundu, dada. Nyekundu ya kweli, hata mtu asiyejua kusoma angeiona. Nikafikiria nesi, nikafikiria mistari tisa, nikafikiria mkataba. Chiriku alikuwa ameinama kutafuta soksi ya mtoto. Nikaulegeza utepe, nikaingiza kidole changu cha shahada chini yake, kati ya plastiki na ule mkono, nikavuta. Ukasoma kijani. Mtoto akanishika hicho kidole, akadhani tunacheza.

Chiriku alipoinuka akaona kijani kwenye kidirisha. Akaniuliza, kwa hiyo yuko sawa? Nikamwambia si unaona mwenyewe, kijani. Nikamwambia watoto wa kwetu hukonda wakiota meno. Nikamwambia kliniki atapanga foleni mpaka mchana, jua kali, kwa ajili ya nini? Akakaa kitandani. Akasema kumbe ni mimi tu. Akafungua mkoba akaanza kutoa nepi moja moja.

Hilo ndilo nililofanya. Binti yako hakumuua mtoto. Binti yako alikuwa ameshasimama, na mimi nilimrudisha akakaa.

Juzi nilikwenda kumwambia. Hakuwa anajua habari ya kidole. Miezi yote hii alikuwa anaamini mtoto alikuwa kijani na yeye ndiye alimharibu ndani ya siku kumi na tisa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti na sikukistahili. Nilitegemea anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu, akasema kwa hiyo siku ile nilikuwa nimeona sawa? Nikasema uliona sawa. Ndipo akalia, dada, kulia kwa sauti, mpaka washona nguo wakazima mashine. Alipotulia hakuniambia amenisamehe, na sikumuomba. Aliniambia mwambie mama nilikuwa nimeshatoa kadi. Alisema hivyo mara tatu. Mwambie mama nilikuwa nimeshatoa kadi.

Jana asubuhi niliandika kurasa mbili nikampa Mama Kalamu, pamoja na begi, mzani na utepe. Kazi imekwisha, na mengine watakayoamua juu yangu nitayapokea. Ile nukta wataiweka inapostahili. Mkwe wako nilimpigia, akasema yuko njiani anarudi kwa mkewe. Nesi ameanza kwenda kwa Chiriku, alikwenda jana na atakwenda tena kesho. Anasema anajibu maneno mawili matatu. Kwa Chiriku hayo ni machache, lakini ni maneno.

Mimi sikuombi kitu kwa ajili yangu. Nakuomba umpigie. Anaogopa simu ikiwaka, itabidi uiache iite mpaka mwisho, na ikikatika upige tena. Atapokea.

Msalimie shemeji, mwambie adhabu yangu asiipunguze kwa sababu ya ushemeji. Wasalimie watoto na mwenye duka pale mbele, na hata huyo paka. Wewe ulinifundisha kuandika kwenye hatua za nyumba ya mama, ulinishika mkono ukauzungusha mpaka herufi ikakaa. Nisamehe kwa nilivyoutumia huo mkono.

Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, nitakuwa uani kwako. Nimeshawaandikia wote waliokuwepo siku ya maziko, mmoja mmoja, nimewaomba waje. Nitasimama palepale uliposimama wewe, nitawaambia kwa mdomo wangu nilichokuandikia hapa, kuanzia orodha mpaka kidole. Chiriku amesema kama utakuwa umempigia atakuja, na kama hujampigia atanipa kadi niende nayo peke yangu. Kwa vyovyote, dada, siku hiyo kadi ya Kibogoyo itakuwepo mezani kwako, na kila aliyeinamisha kichwa siku ile ataishika mkononi.

Mimi mdogo wako,
yule wa kiti cha tatu kutoka mlangoni